Rozari ya Maharage

Argia hakuwa amekanyaga kanisani tangu siku ya harusi yake, na hata siku hiyo alichelewa. Libero, bwana harusi, kuli wa bandarini, alikuwa nje anavuta sigara kwa sababu aliapa hataingia mpaka asukumwe. Wakasukumwa wote wawili, wakafungishwa ndoa, wakatoka, na habari ya kanisa ikaishia hapo. Libero alipokufa alizikwa kwa bendera nyekundu na bendi ya makuli, bila padre, kama alivyotaka mwenyewe. Argia alilia njia nzima, lakini hakuna aliyemsikia, maana tarumbeta zilimzidi sauti.

Sasa mtu wa namna hiyo, umpelekee masista juu ya kichwa chake. Walihamia ghorofa ya tatu, juu ya jiko lake kabisa, miaka ile ambayo hapakuwa na ukuta Livorno, mji wa bandari wa Italia, usioandikwa habari za mgomo. Walikuwa watatu, Armida, Fosca na Nives, wa shirika dogo linaloitwa Masista wa Karakana ya Nazareti. Kanzu ndefu hawakuvaa. Kitambaa cha buluu kichwani na msalaba mdogo wa mti shingoni, basi. Hawakufungua shule wala zahanati. Walitafuta vibarua kama watu wengine wote wa Shangai, ndivyo mtaa unavyoitwa, ingawa Mchina hajaonekana hapo hata kwa bahati mbaya. Sista Armida akapata kazi ya kupiga pasi shuka za mahoteli. Sista Fosca, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, akawa mfagiaji wa soko la samaki, mahali ambapo kutosikia ni neema.

"Wamekuja kuwinda roho," Argia akatangaza ngazini. "Wakinigongea kunialika misani, nawamwagia maji."

Akaweka ndoo tayari nyuma ya mlango. Mwaka ukapita, hawakumwalika. Walimsalimia, wakaja kuazima chumvi, wakairudisha, wakaja kuazima tena. Ndoo ikaota kutu. Mwisho Argia ndiye aliyepanda ngazi, amefura.

"Hebu niambieni, roho yangu mimi ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, Bi Argia," Sista Armida akamjibu. "Una kitunguu?"

Urafiki ulianzia kwenye kitunguu hicho. Armida alizaliwa milimani huko kaskazini, na mapishi yote aliyoyajua duniani yalikuwa ugali wa mahindi: mchana ugali, jioni kiporo cha ugali kimekaangwa. Harufu iliposhuka dirishani Argia alikuwa akisonya peke yake. Watu wanaishi hatua chache kutoka baharini wanakula chakula cha kuku! Akamfundisha mchuzi wa samaki wa Livorno, ule wa pilipili na samaki wabovu wa sura ambao matajiri hawawataki. Armida naye akampa Alhamisi. Kila Alhamisi akitoka kazini, mikono imeiva kwa mvuke, alishuka kucheza karata jikoni kwa Argia. Alikuwa mchezaji wa ovyo, kwa kuwa akipata karata nzuri masikio yake yaligeuka mekundu kama nyanya, na Argia hakuwahi kumwambia. Miaka minane alikula ushindi wake kimya kimya.

Alishuka bila kubisha hodi, bila shaka. Katika ngazi zile ufunguo hukaa nje, kwenye tundu la mlango, tangu asubuhi hadi watu wanapolala. Anayetaka kitu anazungusha, anaingia, na kusema "Ni mimi!" akiwa keshafika jikoni. Ufunguo ukitolewa, watu hujua ndani kuna maiti au kuna ugomvi, na kwa vyovyote vile huja kuuliza.

Basi Alhamisi moja ya mwezi Machi, Sista Armida alitupa mezani mfalme wa dhahabu, karata kubwa, kama mtu anayetupa ganda.

"Sista, una nini wewe? Mfalme huyo!"

Masikio ya Armida yalikuwa meupe. Hilo ndilo lililomtisha Argia.

"Mama Mkuu anakuja Jumapili," akasema Armida.

"Si mkubwa wenu? Aje, tutampikia."

"Anazunguka nyumba zetu zote, Bi Argia. Tumebaki wachache. Sista Nives alirudishwa kwao kwa ajili ya mguu wake mbovu, na mwingine hakuletwa. Kuna nyumba moja lazima ifungwe. Anakuja kuona kama bado tuna kazi ya kufanya hapa."

"Na wewe utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli."

"Mungu wangu," akasema Argia, asiyemwamini Mungu. "Tumekwisha."

Kwa sababu alijua mambo yalivyo. Fundi viatu hupimwa kwa viatu, na sista hupimwa kwa sala. Sasa hawa wawili, miaka tisa Shangai, walikuwa na nini cha kuonyesha? Hakuna mtu waliyemrudisha kanisani. Padre wa parokia akipita mtaani watu waligusa chuma ili asiwaletee mkosi. Mama Mkuu akiuliza, "Mmevuna wangapi?" Armida, na ukweli wake, angejibu, "Hakuna." Wangefungasha jioni ile ile. Argia alikaa na karata mkononi muda mrefu baada ya mwenzake kupanda juu. Jiko lilikuwa kimya, na kimya hicho hakikumpendeza hata kidogo.

Kesho yake akaenda kwenye klabu ya chama cha Kikomunisti kumtafuta Nedo.

Nedo alikuwa fundi wa kuchomelea meli, sasa amestaafu, na katibu wa tawi. Lakini zaidi ya hayo, utotoni alikaa seminari miaka mitatu kabla ya kufukuzwa, kwa kosa ambalo kila mwaka alilisimulia kivingine. Mtaa mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyejua sala hata moja mpaka mwisho.

"Nataka unifundishie watu rozari," Argia akamwambia, akisogeza pembeni kahawa ya ramu ya Nedo wapate kutazamana.

"Sema tena?"

"Rozari. Jumapili. Jengo zima, nyumbani kwa masista, mkubwa wao akiwepo."

"Argia, umelewa au umezeeka? Mimi ni katibu wa tawi!"

"Ndiyo maana. Umezoea kusimama mbele ya watu wanaosinzia."

"Siwezi. Itikadi yangu haikubali."

"Itikadi yako." Argia akainama mezani. "Mke wako Mafalda alipougua akalala kitandani miezi ile yote, itikadi yako ilimgeuza ubavu? Nani alikuwa anakuja alfajiri kumwosha kabla ya kwenda kufagia?"

Nedo akatazama kahawa. "Fosca."

"Alimwombea kwa nguvu? Alimletea padre?"

"Alikuwa ananuka samaki tu, masikini. Mafalda alimpenda sana." Akapangusa mdomo, ingawa hakuwa amekunywa. "Jumamosi mchana, jikoni kwako. Na asiende mtu kunisema wilayani."

Jumamosi masista wakiwa kazini, jiko la Argia lilijaa hadi ngazini. Alikuwepo Iolanda wa ghorofa ya kwanza, mwenye ulimi mrefu na magonjwa yote. Alikuwepo Otello, dereva wa winchi, mtu wa kilo zake. Rozari halisi ilipatikana moja tu, ya marehemu bibi ya Iolanda, nayo ilikuwa na mapengo. Argia hakukata tamaa. Akafungua kopo la maharage makavu, akamhesabia kila mtu kumi.

"Salamu Maria moja, harage moja. Unalitoa mfuko huu unalitia mfuko huu. Yakiisha, Nedo anasema maneno yake, mnaanza upya."

"Yangu yana wadudu," akasema Otello.

"Nayo yatasali. Kimya!"

Nedo alisimama juu ya kigoda, mikono nyuma, kama kwenye mkutano. "Wandugu," akaanza. "Yaani, wapendwa. Ajenda ni matendo matano. Tunaanza na la kwanza. Wanaoafiki?"

Mikono yote ikapanda. Akawaongoza Salamu Maria mstari kwa mstari, na kwa kweli hawakuwa wabaya. Watu waliozoea kupiga kelele za mgomo wanajua kuitikia kwa pamoja. Kumi la kwanza lilipokwisha, Nedo akafumba macho, akatafuta kumbukumbuni, sura ikamng'aa.

"Hapa kuna maneno. Nayakumbuka kabisa! 'Raha ya milele uwape, ee Bwana.' Nanyi mnaitikia, 'Na mwanga wa milele uwaangazie.'"

"We Nedo," Iolanda akadakia, "hiyo si ya mazishini?"

"Iolanda, aliyesoma seminari ni wewe au mimi?"

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nedo hakudanganya, ila katika miaka ile mitatu, wao watoto wa maskini walikuwa wakipelekwa kuimba mazishini, kwa sababu wafiwa walitoa biskuti. Rozari yote aliyoijua ilikuwa ya wafu, na hakuwahi kusikia nyingine.

"Halafu," akaendelea, "hapo 'uwape' panatiwa majina. Tulikuwa tunaambiwa majina mlangoni."

"Tutie ya masista," akasema Argia. "Si ndio tunaowaombea?"

Wakaafiki. Wakarudia mara nyingine kuwaombea raha ya milele Sista Armida na Sista Fosca, na walipofika mwisho wakafurahi jinsi walivyotoka sauti moja, wakajipigia makofi. Nedo akasema makofi yabaki, yanapendeza.

Jumapili masista walipokwenda stesheni kumpokea mgeni, Argia akapita mlango kwa mlango akiwa na gauni lake jeusi la mazishi ya Libero. "Toeni funguo!" akaamuru. "Mtu wa kaskazini akikuta milango imeachwa hivi atasema tunaishi kama mbuzi. Nyumba ya heshima hufungwa." Akautoa hata wa masista wenyewe, akautia kifuani, wakajipanga humo ndani, wamebanana kati ya kitanda, meza moja na picha ya Bikira Maria wa Montenero aliyoiazima kwa muuza mkaa. Otello alipopiga magoti sakafu ililalamika.

Wakasikia hatua ngazini, kisha zikasimama. Kisha sauti ya Sista Armida, imejaa hofu: "Yesu wangu. Funguo hazipo. Nani amekufa?"

Wakasikia akikimbia ngazi zilizobaki, akagonga mlango wake mwenyewe. Argia akafungua, akainamisha kichwa.

"Karibuni katika nyumba ya sala," akasema.

Sista Armida alimtazama Argia, akayatazama yale magoti yote. Nyuma yake akatokea Mama Clelia, Mama Mkuu: kikongwe mwembamba wa viatu vya raba, amebeba mfuko wake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa na alama za kuungua, kama ya mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine. Macho yake yalizunguka chumba taratibu. Akaketi kwenye kiti alichopewa, mfuko juu ya mapaja.

"Msikatishe kwa ajili yangu," akasema.

Nedo akakohoa. "Wapendwa. Tendo la kwanza. Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda. Mama Clelia, baada ya kufikiri kidogo, akapandisha wake.

Kumi la kwanza likaenda kama maji. Mfuko huu, mfuko huu. Argia alianza kujisikia vizuri, hata akamkonyeza Armida, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaanza kuwaka. Ndipo Nedo akafumba macho, akainua sauti ile aliyopewa na Mungu kwa ajili ya kuzidi kelele za karakana:

"Raha ya milele uwape Sista Armida na Sista Fosca, ee Bwana!"

"Na mwanga wa milele uwaangazie!" jengo zima likajibu.

"Wapumzike kwa amani!"

"Amina," akaitikia Sista Fosca kwa moyo wote. Aliwaona wanasali, akafurahi, na hakusikia zaidi ya hapo.

Kisha makofi.

Mama Clelia alimtazama Fosca, akamtazama Armida, kama anayetaka kuhakikisha kwamba wanapumua. Akatoa leso, akaificha nayo midomo yake kwa muda. Kumi la pili, wakawazika tena. La tatu, Iolanda akataka kuhamisha harage na kukuna mgongo kwa wakati mmoja, mfuko ukapinduka, maharage yakamwagika yakakimbia sakafuni hadi chini ya kiti cha mgeni. Mama Clelia akainama, akaokota moja, akaligeuza kwenye mwanga, akalitia mfukoni mwake. Walipomaliza la tano na makofi yake, akasimama.

"Nimetembea nyumba zetu nyingi," akasema kwa upole. "Sijaona kitu kama hiki. Mtaa mzima unasali, tena kwa utaratibu."

Argia akavuta pumzi hadi kisiginoni.

"Kwa hiyo kazi hapa imekwisha," Mama Clelia akaendelea. "Sisi tulianzishwa tukae na watu ambao kanisa halina habari nao, wala wao hawana habari nalo. Ninyi mmeshafika mbali, mnatushinda. Kuna mtaa mwingine kusini, karibu na viwanda vya chuma, wananihitaji tangu mwaka jana. Armida, Fosca, tutapanga safari baada ya Pasaka."

Nedo akashuka kwenye kigoda polepole. Sista Armida alikuwa amesimama karibu na jiko, macho chini, na masikio yake yakawa meupe tena, yale meupe ya Alhamisi. Argia aliyaona. Akahisi kitu kinampanda kutoka miguuni, na alipojua ni hasira akashukuru, kwa sababu hasira alijua kuitumia.

"Uongo mtupu!" akapiga kelele. "Mama, usiondoke! Yote hii ni uongo! Hapa hakuna mtu anayesali, hajawahi, hatasali! Haya ni maharage ya supu! Huyu unayemwona ni katibu wa tawi la chama!"

"Tangu ukombozi, vita ilipokwisha," Nedo akathibitisha, ameweka mkono kifuani.

"Mimi," akasema Otello kutoka sakafuni, maana kuinuka kulikuwa kumemshinda, "leo peke yake nimeshatukana watakatifu wanne, na bado sijala."

"Mimi sijaungama tangu wakati wa vita!" akalia Iolanda. "Na nina ya kuungama, Mama, we acha tu!"

"Wewe una porojo tu," mtu akamwambia kutoka nyuma. "Mimi nilimfukuza padre kwa ufagio!"

"Mimi nilifukuzwa seminari," akasema Nedo, "kwa kuuza mishumaa ya altare."

"Mwaka jana ulisema divai!"

"Na divai."

Ikawa vurugu. Kila mtu alitaka kuonekana mbaya kuliko mwenzake, wanyonge kabisa wakajizulia dhambi ambazo hata nguvu za kuzitenda hawakuwa nazo. Mama Clelia aliwasubiri wachoke. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba mwishoni mwake huwa kuna kikongwe mwenye viatu vya raba anakungoja.

"Nimeelewa," akasema. "Hakuna anayesali. Basi niambieni, miaka tisa hawa masista wamewafanyia nini?"

Argia akafungua mdomo aseme jambo kubwa, la kufaa siku kama ile, akatafuta kichwani, akakuta kitunguu.

"Hawajafanya kitu," akasema.

"Argia!" Nedo akamnong'oneza.

"Niache niseme! Hawajafanya kitu, Mama. Watafanya nini, na wao hohehahe kama sisi? Wanaazima chumvi. Tangu waje hawajawahi kuwa na chumvi yao hadi mwisho wa mwezi. Kupika hawajui! Huyu alikuwa anakula ugali mchana na jioni, ungemkuta amegeuka gunia. Mimi nimemfundisha samaki. Mwaka juzi mapafu yalipomshika, nani alilala kwenye kile kiti akimbadilisha vitambaa? Mimi. Fosca hasikii pikipiki zikija. Otello ndiye anayemvusha barabara kila alfajiri akienda winchini, muulize. Na wewe unataka kuwapeleka kusini! Nani atamvusha huko? Nani anamjua? Watu wa huko watadhani ni masista kweli, watawapa heshima, watawaachia mlango umefungwa, na wao watakaa ndani wanakula ugali mpaka wafe!"

Hakuwa amepanga kuendelea, lakini ulimi hauna mfupa.

"Na mimi," akasema, sasa taratibu na kwa kinyongo, kana kwamba mtu anamnyang'anya, "Alhamisi nitacheza karata na nani?"

Mama Clelia akaketi tena. Akatoa ile leso, na safari hii haikuwa ya kuficha midomo. Akajifuta macho moja moja, bila haraka na bila aibu.

"Bi Argia," akasema, "nimetoka kwenye nyumba tatu. Kila mahali majirani waliniorodheshea masista wanagawa nini: nguo, dawa, ushauri. Watu wema. Nilikuwa nikirudi kwenye treni sina raha. Mwanzilishi wetu alituambia tusiende kwa maskini kuwa mabwana wa huruma, twende tukawe majirani. Jirani anajulikana kwa nini?"

"Kwa kuazima," akasema Iolanda, akiwatazama wengine ambao walikuwa na masufuria yake.

"Basi." Mama Clelia akamgeukia Armida. "Mbona hukuniambia haya njiani kutoka stesheni? Nilikuuliza mnafanya nini hapa. Ukasema, 'Hatufanyi kitu cha maana.'"

"Nilisema ukweli, Mama," akajibu Armida. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya.

Nyumba haikufungwa. Ilifungwa nyingine, huko ambako masista walikuwa wanagawa nguo, na nguo zikaendelea kugawiwa na akina mama wa parokia. Mama Clelia alisema atabaki Shangai hadi Ijumaa, kwa sababu neno "karata" halikuwamo popote katika kanuni za shirika na alitaka kuliona kwa macho yake. Alhamisi aliketi jikoni kwa Argia, akamshinda yeye na Armida bila kubadilisha sura. Argia alimtazama kwa makini mchezo mzima, ana hakika kikongwe anaiba, asione vipi. Hadi leo anasema shirika lile lina mkubwa anayestahili.

Lakini hayo yalikuwa Alhamisi. Jumapili ile, watu walipotawanyika na kila ufunguo kurudi kwenye tundu lake, Argia alishuka kwake, akavua gauni jeusi, akaanza kurudisha maharage koponi. Aliyakuta kila mahali, mifukoni, ndani ya soksi. Kichwani mwake ile sauti ya Nedo ilikuwa bado inavuma, imemganda kama wimbo wa redio. Maneno yalikuwa mazuri, alipoyasikiliza peke yake. Yalikuwa yameelekezwa tu kwa watu wasiohusika.

Akaangalia dirishani, hakuna mtu. Akaiangalia picha ya Libero juu ya friji, Libero na kofia yake na sigara yake, amekataa kuingia.

"Usinitazame hivyo," akamwambia. "Hakuna anayekusukuma."

Akalichukua harage moja, akalifumbata.

"Raha ya milele umpe Libero, ee Bwana," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani bila kujua kama kipo. "Kama upo. Kama haupo, basi, tusigombane. Na mwanga wa milele umwangazie. Alikuwa anaogopa giza, ila hakupenda watu wajue."

Akangoja kidogo. Halafu, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, akajipigia makofi, mawili matatu, polepole.

Aliponyanyua macho Sista Armida alikuwa amesimama katikati ya jiko. Ufunguo ulikuwa nje, hakubisha hodi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuwa amesema "Ni mimi!" Masikio yake yalikuwa yanawaka moto, na mkononi alishika kikombe kitupu.

"Chumvi," akasema.

"Ipo palepale," Argia akamjibu, akilitia harage mfukoni badala ya koponi. "Na ukimwambia Nedo, nitakuua."